Nilizuia maji ya chupa kwenye msiba wa Baba, Kaka hapokei simu zangu

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Nimechoka tu, acha niyatue hapa.

Naishi kijiji kimoja huku Mlalo, niko kamati ya mazingira.

Tulipitisha sheria ndogo: kwenye msiba au harusi, marufuku maji ya chupa na sahani za kutupa. Chupa zilikuwa zinaziba mifereji ya kumwagilia kabichi. Tukarudi kwenye utaratibu wa zamani, kila mama anakuja na sahani zake, chini kazipaka rangi ya kucha zisipotee.

Wa kwanza kubanwa ni jirani yangu Mama Neema, alipofiwa na mume. Katoni zake za maji nilizirudisha dukani mimi mwenyewe.

Kisha Baba akafariki.

Kaka yangu mkubwa akapanda kutoka Dar, gari limejaa katoni. Nikamwamkia, shikamoo kaka, halafu nikamwambia hazishuki.

"Wageni wangu wanywe maji ya ndoo? Msiba wa Baba?"

Mama yuko mkekani, akasema, "Mwanangu, leo tu."

Wakuu, nilitaka kusema sawa. Ila Mama Neema alikuwa pale pale, anatupangia sahani zake. Nilishindwa hata kumtazama. Katoni zikabaki kwenye gari.

Tukazika. Kaka akaondoka siku hiyo hiyo bila kuniaga, mpaka leo simu zangu hapokei. Inaniuma sana.

Baadaye nikaenda kusafisha kaburi. Mashada yote plastiki! Huku kwetu maua yanajiotea hadi nyuma ya choo, sisi tumenunua ya plastiki. Mvua imeyararua, vipande vimeshuka hadi mferejini.

Sheria yetu haikutaja mashada. Hakuna aliyewaza, hata mimi.

Nikayajaza kwenye kiroba, wanaonunua plastiki watayachukua. Nikabakisha moja, la Kaka. Utepe wake umeandikwa "Pumzika Baba".

Nilichojifunza: sheria ya taka kuipitisha kikaoni ni rahisi, kazi ni siku ikigonga mlango wako. Na bado siijutii, ndiyo maana nimechoka.

Kikao kijacho napeleka hoja ya mashada. La Kaka liko chumbani kwangu. Kulitupa siwezi, kulirudisha kaburini siwezi.

Mliowahi kukosana na ndugu kwa jambo la haki, mlianzia wapi kupatana? Nasoma comments zote, hata za kunisema.