Waliosikiliza Redio Ndio Waliosukuma Gari

Asubuhi moja wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu, akasema, "Baba, awoowe ametutoka. Wanamzika adhuhuri." Awoowe ni babu kwa Kisomali, na hivyo ndivyo alivyomwita tangu utotoni jirani yetu wa mtaa wa Iftin mjini Garissa, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na pikapu kuukuu yenye redio nzuri kuliko betri yake. Nilikaa kitandani kwa muda, viatu mkononi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba nilikuja Garissa kutoka bara nikiwa mwalimu kijana, nikingoja kwa hamu barua ya uhamisho. Mtu huyu ni mmoja wa walionifanya niache kuingoja.

Kila jioni baada ya sala ya magharibi alifungua milango ya pikapu, akawasha redio, na wanaume wa mtaa wakatandika mikeka mchangani kusikiliza habari kwa Kisomali. Mimi sikuambulia kitu, kwa hiyo alinitafsiria kwa Kiswahili chake, na habari asizozipenda akaziruka. Kisha ubishi ulianza, redio ikiendelea kuinyonya betri. Asubuhi gari halikuwaka. Mzee hakulalamika wala hakununua betri nyingine. Alipita akigonga milango ya wasikilizaji wake, mmoja mmoja.

"Mwalimu, jana wewe nasikia habari. Leo nasukuma."

Alfajiri moja mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, mimba yetu ya kwanza, na damu ikaanza kumtoka. Mtaani gari lilikuwa hilo moja, na betri, kama kawaida, ilikuwa imekwisha. Niliogopa sana, siwezi kusema vingine. Wanaume walikuwa wakitoka msikitini. Wakakunja vikoi, wakaweka mabega, magurudumu yakazama mchangani. Mmoja akanung'unika kwamba jana redio ilifaa izimwe mapema. Mzee akatoa kichwa dirishani, akatuita ndugu kwa Kisomali.

"Redio ni yangu, mtoto ni ya sisi wote. Sukuma, walaal. Sote bamoja."

Tukasukuma hadi kwenye lami. Injini ikakohoa, ikashika, na hospitalini mama na mtoto wakaokolewa.

Siku hizi kila mtu ana habari zake mfukoni na anazisikiliza peke yake, masikio yamezibwa. Magari nayo mengi ni ya otomatiki. Betri ikiisha hamyawashi kwa kuyasukuma hata mkitoka mtaa mzima. Unapiga simu, mtu anakuja na nyaya, anaunganisha na betri yake, anaenda zake. Ni haraka na ni rahisi, nami nafurahia wepesi huo. Lakini jirani yangu wa sasa, hata sauti yake siijui.

Adhuhuri siku ile ya mazishi, gari jipya la mwana wa mzee lilikuja kumpeleka makaburini. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Sisi wasikilizaji tuliobaki, wazee sasa, tulijikuta tumesimama nyuma yake. Mmoja akaweka mkono kwenye mlango wa nyuma, kisha mwingine, kisha mimi. Dereva akatutazama kwenye kioo, akaondoa gari taratibu, nasi tukalisukuma hadi kwenye lami, tukilia bila kuficha. Angenunua betri nzuri miaka ile, angeondoka kila asubuhi bila kugonga mlango wangu, nami ningeondoka Garissa bila kumjua mtu.