Vidole Vitatu

Wewe ungeshona wavu unaojua utamaliza samaki? Kijana mpima samaki, ambaye mizani yake ilipokea samaki wadogo zaidi kila mwaka, alitamani kujua jibu la jirani yake, mama mshona nyavu. Kila wavu ulioletwa, mama huyo aliutia vidole vitatu kwenye tundu. Visipopita, aliukunja na kumrudishia mwenyewe, uzi ukining'inia mdomoni. Hakugombana na mtu. Siku moja akaja shemeji yake na wavu uliochanika katikati, matundu yake hata kidole kidogo hakipiti.

"Shemeji, leo vipumzishe hivyo vidole. Shona tu."

"Na vitoto vya samaki vikinaswa?"

"Kwani wewe ndiye mkunga wao?"

Mama akacheka, akaupokea. Kijana alivunjika moyo: kumbe undugu umemshinda. Alimwona akishona mpaka jioni, amewapa watu kisogo.

Asubuhi yake, shemeji na wenzake waliuvuta wavu ufukweni. Ulikuja umejaa, unatetemeka. Kisha, penye kiraka kipya, samaki wachanga wakaanza kuchuruzika kurudi majini kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Kijana alikimbia kukitazama kiraka. Akaingiza vidole vitatu. Vikapita.