Madam Kageha na Padi za Lusweti

Kwa Kageha, wanadamu waligawanyika makundi mawili: waliojua kupiga chapa bila kuangalia vidole vyao, na wengine wote. Kundi hilo la pili lilikuwa kubwa mno. Ndani yake aliwaweka wachungaji kadhaa, wabunge wote, mwenye nyumba wake, na hata marehemu mumewe, Mungu amrehemu, aliyekuwa dereva wa garimoshi na ambaye katika uhai wake hakuwahi kuandika lolote ila jina lake mwenyewe, tena kwa kalamu ya kuazima.

Alizaliwa Maragoli, akasomeshwa na wamishonari wa Kanisa la Marafiki, akaja Nairobi kama mke wa mtu wa reli na kukaa Makongeni. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika ofisi za baraza la jiji, na barua zilizotoka chini ya mikono yake zilikuwa safi kama shuka la hospitali. Alipostaafu alifungua darasa katika ukumbi wa kanisa. Alishona vitambaa vya marekani, akabandika ncha moja kwenye taipureta na kumfunga mwanafunzi ncha ya pili shingoni, ili mikono ifanye kazi gizani na macho yakose pa kukimbilia. Kosa moja lilitosha ukurasa uchanwe. Makosa yakizidi, mwanafunzi aliambiwa, "Rudi kwa mama yako akufunze kuosha vyombo, huenda huko una kipawa." Wasichana wengi zaidi walilia katika ukumbi ule kuliko watu waliolia humo katika mazishi. Lakini waliovumilia walipata kazi, kwa kuwa mabwana wa viwanda vya Industrial Area waliposikia kwamba binti alifunzwa na Kageha hawakuuliza swali la pili.

Wanazuoni wa zamani walikitaja kiburi mwanzoni mwa orodha ya maradhi ya moyo, wala hawakukosea. Na kiburi cha Kageha kilikuwa cha namna iliyo ngumu zaidi kutibika, kwa sababu kilikuwa na haki yake. Mwenye kujivuna kwa asichokuwa nacho huaibika mapema na kupona. Mwenye kujivuna kwa alichonacho kweli, nani atamwambia?

Kisha zikaja kompyuta. Ofisi zikazitupa taipureta kana kwamba zilikuwa na ukoma, na ukumbi wa kanisa ukabaki na madawati matupu. Hapo ndipo alipotokea Lusweti.

Huyu Lusweti alikuwa mtu wa kudharauliwa na yeyote mwenye akili, na Kageha alimpa haki yake hiyo kwa ukarimu. Elimu yake ilikuwa imekatika mahali ambapo hakupenda kupataja. Alivaa tai yenye picha ya bata, akajiita Mkurugenzi Mkuu, ingawa hapakuwa na mkurugenzi mwingine ambaye yeye angekuwa mkuu wake. Chuo chake, alichokiita cha kimataifa, kilikuwa vyumba viwili pale Kariobangi, juu ya mashine ya kusaga unga. Chini, ubavuni mwa mashine, alikuwa na chumba cha michezo ya televisheni, ambamo vijana walishinda mchana kutwa wakivurumishiana ngumi za kwenye kioo. Chuo kilikuwa ni heshima yake, na chumba kile kilikuwa ndicho chakula chake.

"Mathe, jina lako hapa mtaani ni dhahabu tupu," alimwambia siku aliyokuja kumwomba awe mwalimu wake.

"Mimi si mathe wako. Kama ningekuzaa ungekuwa umejifunza kufunga tai."

"Haya basi, Mwalimu. Mimi niko na mashine, wewe uko na jina. Tukiungana, nani atatuweza?"

Kageha alikubali, kwa kuwa madawati matupu yanachosha. Lusweti akaliandika jina la Kageha kwenye kibao, kwa herufi kubwa kuliko zile za chuo chenyewe.

Katika chuo kile viatu vilivuliwa mlangoni, ili vumbi lisizidhuru kompyuta. Wanafunzi waliingia wakinyata na soksi zao zilizotoboka, kimya, kana kwamba wanaingia mahali patakatifu. Kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, chenye maua ya manjano, mfano wa vile vinavyowekwa juu ya makochi sebuleni. Wakati huohuo dirisha lilikuwa wazi, na unga wa mahindi ulipanda kutoka chini ukitua juu ya kila kitu kama umande. Mtu aliyekwisha kuvua viatu kwa ajili ya usafi hakuona ajabu yoyote kuondoka na nywele nyeupe.

Unga huo ndio ulioviua vipanya. Kipanya, kwa asiyekijua, ni kile kidude cha kujaa kiganjani kinachosukumwa mezani ili mshale utembee kwenye kioo cha kompyuta. Vya wakati ule vilikuwa na golori ya mpira tumboni, na golori ikibingirika huzoa kila uchafu ulio mezani. Unga ukichanganyika na jasho la mikono hugeuka ugali. Kimoja kiligoma, kisha cha pili, hatimaye vyote vikawa vimeganda matumbo. Mtu mwenye busara angefunga dirisha. Lusweti alishuka chini, akarudi na padi za michezo yake shingoni, nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi katika machinjio ya Kiamaiko.

Padi ni kile kidhibiti ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kidole gumba cha kushoto kikibonyeza msalaba wa kwenda juu, chini na kando, na cha kulia kikibonyeza vitufe vya kupiga. Lusweti alimpa Wanyoike, fundi wa redio wa jua kali asiye na duka, azikate mikia na kuzichomelea mingine inayoingia kwenye kompyuta. Kutoka mjini alipata disketi yenye programu ya kuufanya mshale uitii padi. Na ulitii. Ulikwenda kwa kushtukashtuka, kama mlevi anayetafuta mlango, lakini ulikwenda.

"Hii haina tumbo, Mwalimu!" Lusweti alishangilia. "Unga utaingilia wapi? Na nikwambie, huko ng'ambo vipanya washavitupa. Sisi ndio wa kwanza Afrika Mashariki."

"Wa kwanza kwa upumbavu? Hapo mna washindani wengi," Kageha alijibu.

Na akaishia hapo. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, wala halikuwa dogo. Hakuzizuia padi kwa sababu alizidharau, na hakuvidai vipanya kwa sababu alividharau vilevile. Machoni pake mtu aliyejaliwa na Mwenyezi Mungu vidole kumi na kuwekewa keibodi mbele yake alikuwa amekamilika, na hivyo vingine vyote vilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Akafunza chapa kama alivyoifunza maisha yake yote, na kila ilipofika saa ya mshale aligeuza uso akatazama dirishani, akamwacha Lusweti afanye vioja vyake.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Triza, binti wa kibarua wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, mzaliwa wa kwanza katika nyumba iliyokuwa ikingoja kwa hamu mtu mmoja wa kuvaa nguo za ofisi. Vidole vya Triza vilikuwa vyepesi kuliko vya yeyote aliyepita mikononi mwa Kageha. Kwenye padi pia hakuwa na mfano. Vidole gumba vyake vilicheza, madirisha yakafunguka na kufungika kwenye kioo, naye akaita, "Madam, cheki! Cheki vile inaenda!"

"Nimeona. Nyani pia hupanda mti haraka. Rudi kwenye ukurasa wako."

Mwaka ule, kiwanda kimoja cha blanketi kilihitaji karani, na mkuu wa ofisi yake alikuwa Celine Apondi, ambaye zamani alilia katika ukumbi wa kanisa na kuvumilia. Celine alituma neno: kama Mwalimu ana binti mmoja anayefaa, amlete mwenyewe. Kageha hakusita. Walipokuwa wakishuka ngazi za chuo, Triza katika sketi ya kuazima, binti akauliza:

"Madam, huko wako na padi?"

"Huko wana keibodi. Inakutosha."

Alijua kwamba wana vipanya. Aliliona jambo lisilostahili kutajwa.

Celine aliwapokea kwa adabu zote, akampa mwalimu wake kiti kabla ya kuketi mwenyewe. Akampa Triza barua ya kunakili. Chumba kizima cha makarani kikanyamaza kusikiliza, kwa maana sauti ya vidole vile ilikuwa kama mvua ya mfululizo juu ya mabati. Hapakuwa na kosa hata moja. Kageha aliwatazama makarani wale, aliokuwa amekwisha kuwaona wakidonoa herufi mojamoja kama kuku, akaridhika kwamba dunia bado inajua nani ni nani.

"Vizuri sana," Celine akasema. "Sasa funga hiyo, unifungulie ile hesabu ya blanketi, uitoe kwa printa."

Triza alitafuta kwa macho. Kando ya keibodi kililala kipanya, cheupe, safi, juu ya kitambaa chake cha mpira. Hakuwahi kukiona kilicho hai. Akakiinua kwa mikono yote miwili, akakiweka mbele ya kifua, vidole gumba juu ya vitufe viwili, viwiko vimebana mbavuni kama alivyozoea. Akakiinamisha kushoto. Mshale ukatetemeka pale pale ulipo. Akakiinamisha kulia, akabonyeza kwa nguvu.

"Anatupiga picha?" karani mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika.

"Wacha, anaendesha basi huyo. Shikilieni viti!"

Kicheko kikapasuka. Triza, jasho likimtoka, akageuka kwa unyenyekevu wote: "Samahani, madam, padi yenu imekufa."

Celine hakucheka. Alimtazama mwalimu wake. "Mwalimu, mwonyeshe basi."

Kageha aliinuka. Alikuwa amekidharau kitu kile kwa muda mrefu kiasi kwamba alidhani anakijua. Akakitua mezani, akakifunika kwa kiganja, mkia wake ukielekea kwenye kifundo cha mkono wake, akakisukuma mbele. Mshale ukarudi nyuma. Akakivuta kulia, ukakimbilia kushoto ukajificha pembeni mwa kioo. Makarani sasa hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Celine alinyoosha mkono, akakigeuza kipanya taratibu chini ya vidole vya mwalimu wake, kama mtu anayemgeuzia mtoto kijiko.

"Amefunzwa wapi huyu, Mwalimu?"

Jina la Lusweti lilikuwa tayari mdomoni mwa Kageha, na Mungu anajua lilistahili. "Kuna mpumbavu mmoja aliyeleta vitu vya michezo," akaanza. Akamwona Triza amesimama, mikono ikiwa bado mbele ya kifua, haijui iende wapi. "Lakini mpumbavu hakuandikwa kibaoni. Nimeandikwa mimi. Niliona kipanya ni upuuzi, nikamwacha mtoto aje hapa hivyo."

"Nje kuna kijana wa chuo cha mjini anayengoja nafasi hii. Hapigi chapa vizuri, lakini mashine anaijua yote."

"Mpe huyu wiki moja." Kageha hakuwahi kumwomba mtu kitu, na maneno yalitoka yakiwa yamepinda. "Wiki moja tu, Celine."

Celine akauliza bila ukali, "Ungekuwa wewe, katika ule ukumbi, ungempa?"

Kageha aliangalia sakafu. Angeweza kudanganya, lakini mbele yake alikuwa ameketi mtu mmoja aliyejua jibu kwa machozi yake mwenyewe.

"Nisingempa. Ningemwambia arudi kwa mama yake," akasema. "Na ningekuwa nimekosea."

Celine alimgeukia Triza. "Jumatatu, uje asubuhi. Wiki moja. Usipoweza, namwita yule kijana." Kwa Kageha hakuongeza neno, ila alimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima ileile ya mwanzo, na Kageha alitamani angepunguziwa.

Getini Triza alisimama akifunga sketi vizuri. "Madam, ulijua wanatumia hiyo kitu?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Jumatatu nitajileta," Triza akasema, akashika njia ya Mukuru.

Kule Kariobangi, Lusweti alisikiliza habari yote akitingisha kichwa kwa huruma ya mtaalamu. "Hao ndio wako nyuma, Mwalimu. Kiwanda kizima hawajui padi? Mimi ningeona haya."

Kageha alimtazama, tai ya bata, unga kwenye nyusi, na dharau yake ikampanda kooni ikiwa nzima, haijapungua hata chembe.

"Funga hilo dirisha," akasema. "Kisha uninunulie kipanya kimoja."

"Cha nini? Wewe si husema ni kitu cha watoto?"

"Cha kujifunzia."

"Nani ajifunze?"

"Mimi."

Lusweti alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu yule, asiyejua hata kufunga tai, alimcheka mwalimu wa Makongeni hadi machozi yakachora mifereji katika unga wa mashavu yake, na Kageha alisimama pale na soksi zake, akingoja amalize.