Breki Isiyoitika Salamu

Kila asubuhi Machibya alisalimia breki kabla ya kusalimia mtu. Alipanda kwenye lori la pamba, injini bado imezimwa, akakanyaga pedali na kuiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Pedali ikikaza chini ya mguu, alijijibu mwenyewe, "Mhola," yaani salama. Hapo ndipo aliposhuka kuwaamkia watu. Wapakiaji pale ghalani Ngulyati walimcheka. "Mzee, siku ikikujibu kwa mdomo utuite!"

Siku moja alisema mwangaluka, mguu ukazama mpaka chini. Akarudia. Ukazama tena, kama amekanyaga tope la mbugani.

Juu ya pamba walikuwa wamekwishakaa akina mama wa mnadani, wengine na watoto mgongoni. Kati yao na mnada wa Bariadi kulikuwa na mteremko wa mtoni. Msimu uliopita dereva mwenzake, Bujiku, alipinduka na lori pale. Watu walisema mengi: alama hakuna, matuta hayajawekwa, kona ina mashetani. Machibya alikuwa na lake moja. Asubuhi ya ajali ile alimwona Bujiku akipampu breki, akijikuna kichwa, kisha akiondoka na lori hivyo hivyo.

"Tajiri, hili haliendi," alimwambia Limbu, mwenye lori.

"Lina stika ya ukaguzi. Huioni kiooni?"

"Stika haishiki tairi."

"Pampu, itashika! Au umekuwa mganga wa breki?" Limbu akageuka. "Dastan! Njoo uendeshe wewe."

Dastan, kijana anayewashikia madereva zamu, akarukia usukani akicheka. Injini ikanguruma. Kina mama wakashika kamba.

Machibya akasimama mbele ya bampa. Akapaza sauti, "Mwangaluka!"

"Mhola!" wakaitikia wote kule juu.

"Mimi nimeisalimia breki. Haikuitika."

Bibi mmoja, Nyamizi, akaanza kujiburuta kushuka, kapu likimponyoka. "Asiyeitika salamu ana neno moyoni," alisema. "Mimi sipandi na mwenye neno." Mwingine akampokea jirani yake mtoto. Wakashuka wote, mmoja akimtukana Limbu kwa Kisukuma, tena matusi ya kuswagia ng'ombe.

Dastan alibaki usukanini peke yake. Kicheko kilikuwa kimeisha. Akakanyaga pedali, akatazama mguu wake, akazima injini.

"Mmenikosesha safari!" Limbu akafoka. Lakini alipoona hata Dastan anashuka, sauti ikalegea. "Basi, Machibya. Fundi aitwe. Kesho utaendesha."

"Na kesho kutwa ikizama tena, nani atasimama mbele ya bampa?"

"Dereva si wewe?"

"Ndiyo. Ndiyo maana siendeshi tena."

Akaweka ufunguo juu ya gunia, akachukua koti lake, akapita katikati ya akina mama bila kuaga. Philomena, mkewe, alishangaa kumwona nyumbani jua halijapanda. Ghalani Ngulyati hawakumwona tena.