Walichoma Ndengu za Mama Yangu, Sasa Wanataka Nishuhudie

Admin, ficha jina langu, lakini maneno usipunguze hata moja.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Kitengela, niko na watoto wawili na malori mawili ya kuuza maji. Hakuna mtu alinipa. Nilianza na mkokoteni na mitungi ya lita ishirini, nikisukuma mwenyewe na mimba ya kifungua mimba tumboni. Bwanangu ameandikwa kazi ya ofisi. Yeye ni wa Magharibi, mimi ni Mkamba wa Makueni. Shikeni hapo, kwa sababu kesi yote iko hapo.

Mwaka jana mwezi wa sita nilishikwa na homa na kichwa kuuma. Baada ya kama wiki moja usingizi ukapotea, na nikaanza kusikia mtu ndani ya tanki la lori akiniambia maji yana sumu. Msiseme ni mawazo. Ilikuwa sauti kabisa, kama mtu anakuita ukiwa jikoni. Siku moja tukipeleka maji Kisaju nikashuka, nikafungua valvu. Lita elfu kumi zikaenda barabarani. Dereva wangu, mzee wa Kimaasai, akapiga kelele, "Mama Joy, funga! Unamnywesha nani, hata ng'ombe hawako!" Wanawake wakakimbia na mabeseni, na mimi nikawa nayapiga teke nikilia, "Msinywe, mtakufa!" Mtu akanirekodi. Kufika jioni, video ilikuwa kwa grupu ya ukoo wa bwanangu.

Mama mkwe alikuja kesho yake na bishopu na watu wa maombi. Hakuniuliza hata homa ilianza lini. "Huyu amerogwa," akasema. "Na si na mtu wa mbali. Wakamba tunawajua."

Sasa, Krismasi mama yangu alikuwa ametuletea gunia la ndengu, vile huleta kila mwaka; wakasema uchawi ulikuja nazo. Nipigieni hii hesabu. Krismasi mpaka mwezi wa sita ni karibu nusu mwaka. Gunia tulikuwa tumekula nusu. Mama mkwe mwenyewe alikuja Pasaka, akala sahani mbili na akaomba za kubeba. Yeye uchawi ulimruka? Lakini walilivuta gunia mpaka nje, wakamwaga petroli, wakachoma wakiimba. Mama yangu alipofika kuniona, bwanangu alimsimamisha kwa geti. "Mama, rudi tu. Ukiingia ndio anazidi." Akarudi Makueni bila kupewa hata maji, kwa nyumba ya mtu anauza maji.

Watoto wakapelekwa kwa nyanya yao Magharibi. Mimi nikapelekwa hospitali, nikapewa dawa za akili, nikaharibika zaidi. Mdomo ukawa unajikunja peke yake, mwili ukakauka kama mti, degedege zikaanza. Hapo daktari mmoja Nairobi akasema hii si ya akili peke yake. Akatoa maji ya uti wa mgongo, yakapimwa.

"Kinga ya mwili wako imekosea adui," alinieleza nilipopata fahamu, bwanangu akiwa ameketi hapo kando. "Askari wako wenyewe wamegeuka, wanapiga ubongo."

Walipata uvimbe mdogo kwa ovari, na akasema huo ndio uliwachanganya hao askari. Ulitolewa. Nikapewa dawa za kutuliza kinga, damu yangu ikapitishwa kwa mashine ikasafishwa. Sauti zikaisha polepole, kama redio inaishiwa na betri. Nilimuuliza kama wote wanaosikia sauti wako na ugonjwa huu wangu. Akasema hapana, na bado wanachunguza kinga inahusika kwa wangapi. Lakini wangu ulipimwa ukaonekana.

Nilirudi nyumbani nikidhani nitapikiwa chai. Nikapata bishopu ashatangaza Jumapili ya shukrani, na jina langu liko kwa programu. Mama mkwe akaniambia bila aibu, "Utasimama useme ulirogwa, umtaje aliyekuroga, useme Mungu akakutoa. Ukimaliza, watoto watarudi."

Nikamgeukia bwanangu. "Si ulikuwa pale daktari akieleza?"

"Nilikuwa."

"Na ulielewa?"

"Nilielewa, Mama Joy. Lakini mama ashaambia kijiji kizima. Unataka aonekane mwongo uzeeni? Sema tu maneno mawili tumalize."

Yaani mama yake asionekane mwongo, wangu aonekane mchawi.

Nikampigia mama yangu simu nikilia. Akasema, "Sema tu, mwanangu. Mimi nimezeeka, jina langu ni la kuzikwa nalo tu. Chukua watoto wako." Halafu akauliza, "Lakini zile ndengu, walichoma zote?"

Jumapili ni hii inakuja. Nikisimama nieleze mambo ya kinga na uvimbe, watasema pepo amerudi, na nani atampa mwenda wazimu watoto? Nikikataa kwenda, ni hivyo hivyo. Nikikubali, watoto wangu watalala kwa vitanda vyao, na wataamka wakijua nyanya yao wa Makueni ni mchawi, na ni mimi nimesema.

Mimi niliposema maji yana sumu nilikuwa mgonjwa, na nimetibiwa. Hawa wote ni wazima. Wenye mmewahi kusimamishwa mahali kama hapa, nisaidieni bila matusi: nikipewa hiyo maikrofoni, niseme nini?