Tangi la Debe la Asali

Bado nina hasira, na mbaya zaidi sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Gari nililoliunda kwa mikono yangu hapa Gongoni lilikuwa likizimika kila nikifika Isevya. Nikaapa kwamba Saidi, muuza petroli, anaitia maji. Nikamwita mnyonyaji mbele za watu, nikamkokota hadi kwa balozi wetu wa nyumba kumi, gari likisukumwa nyuma yetu.

“Ndugu, fungua tangi tuone,” balozi akasema.

Tangi lenyewe ni debe la asali kutoka Ipole, nililolichomelea kwenye fremu. Mke wangu alisema nilisuuze kwa maji ya moto. Nilimjibu kwamba fundi ni mimi.

Saidi akachomoa mpira wa petroli, akaukamua. Likadondoka donge la nta ya nyuki.

“Fundi,” akauliza taratibu, “maji yangu yako wapi?”