Picha ya Masikio

Harufu ya karatasi nzito inayong'aa hunichefua hadi leo. Juzi nilifungua boksi la vitabu vipya hapa shuleni ninapofundisha, harufu ile ikanipanda puani, nikatoka nje mbio. Wenzangu wakadhani nina mimba. Nikawaacha wadhani.

Nilikuwa kidato cha pili, tunakaa mtaa wa Gungu, na mwalimu wa baiolojia alikuwa ameniazima kitabu chake cha picha kwa wiki moja. Hujaona raha kama ile, msomaji wangu. Moyo uliopasuliwa katikati, chura aliyelazwa tumbo wazi, jicho kubwa kama sahani, vyote kwa rangi. Nilikivalisha gazeti kisishike mawese, nikawa natembea nacho mtaani kama mganga na mkoba wake. Kila niliyemwamkia nilimweleza ugonjwa wake. Mama alicheka, akanikumbusha kwamba sikio halizidi kichwa. Nikaona huyu hajasoma.

Baba alisafirisha mizigo ziwani kwa boti hadi Kagunga, nyumbani kwa kina mama, na akirudi hakuwa msemaji. Jioni moja tukila ugali wa muhogo kwa samaki wa migebuka, nilifungua ukurasa wa urithi. Palichorwa masikio mawili: moja nyama yake ya chini, pale pa kuvalia hereni, inaning'inia, jingine imegandana na shavu. Mishale ilitoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Nikawakagua wote. Baba imegandana, mama imegandana, mimi vilevile. Za Zawadi, mdogo wangu wa miaka minne, zilining'inia. Nikatangaza, kwa sauti ya mwalimu wangu, kwamba kwa mujibu wa kitabu Zawadi hawezi kuwa mtoto wa baba.

Nilitegemea wacheke. Mama alibaki na tonge mkononi. Baba alinawa, akakivuta kitabu, akaweka kidole kwenye mistari midogo ya maneno ya Kiingereza chini ya picha. Kiingereza alikuwa hakijui.

"Na haya yanasemaje?"

Sikuwa nimeyasoma. Mimi nilikuwa mtu wa picha.

"Yanasema hivyohivyo, baba."

"Mwana wanje, mwanangu," mama alisema polepole, "soma kwanza."

Nilikasirika kufundishwa kusoma na mtu aliyeishia darasa la nne. Sikusoma. Keshokutwa yake mama alipanda boti kurudi kwao, Zawadi mgongoni, huku baba akiwaambia majirani kwamba hata kitabu cha shule kimethibitisha. Mwezi haukuisha, mwanamke kutoka kijiji cha Kidahwe akawa anapika jikoni kwa mama. Alikuja na mtoto anayetambaa, sura ya baba tupu.

Miaka ikapita. Nikiwa chuo cha ualimu nilikikuta kitabu kilekile maktaba, nikaisoma ile mistari nimesimama. Ilieleza kwamba maumbile ya sikio hurithiwa kwa njia nyingi, na kwamba mtu asiitumie picha ile kuamua nani mzazi wa nani. Mistari mitatu tu. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa Kagunga, na Zawadi hajawahi kupokea simu yangu.

Nilimpigia baba, nikamsomea neno kwa neno, nikilia. Nilidhani nampa habari. Akasema bila ukali wowote, "Nilijua hukuyasoma. Macho yako hayakushuka hata mara moja."

Ndipo nikaelewa. Sababu zake alikuwa nazo tangu zamani. Alichopungukiwa ni mtu wa nyumbani wa kumshuhudia mama kwa ubaya, na mimi nilijitolea mwenyewe, tena kwa furaha.